Kumjua Fundi wa Sola kwa Mwinamo wa Paneli

Paneli zilizoinuliwa nyuzi 30 juu ya bati la Dar es Salaam humpendeza mpita njia. Mjuzi huingiwa na shaka. Mwinamo huo unafaa nchi zilizo mbali na ikweta, na fundi aliyeuiga hakujiuliza jua la kwao linapita wapi.

Jiji liko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua lake huzipitia pande zote mbili. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, adhuhuri huwa utosini kabisa. Juni 21 huegemea kaskazini nyuzi 30 kutoka utosini. Desemba 21 huegemea kusini nyuzi 17 tu. Kwa miezi kama saba ya mwaka, jua la adhuhuri liko kaskazini. Huko ndiko paneli inakopaswa kutazama.

Ikisimamishwa nyuzi 30 ikatazama kusini, adhuhuri ya Juni miale huifikia kwa ubavu, nyuzi 60, na paneli huambulia nusu ya mwanga wa moja kwa moja ambao ingeupata kama ingelikabili jua. Hilo ni kosa la kumnyima fundi malipo. Lakini paneli iliyolala nyuzi 10, hata paa likiielekeza kaskazini-mashariki, hupoteza kidogo sana. Anayetaka kujenga fremu nzito ya chuma ili kurekebisha tofauti hiyo anamtia mteja hasara bure.

Mbona basi isilazwe tambarare? Vumbi. Maji ya mvua hutuama kwenye ukingo wa fremu, yakikauka huacha mstari wa tope juu ya seli. Nyuzi 10 hadi 15 zinatosha maji kutiririka na uchafu wake. Fundi makini huzipima kwa kipimo cha pembe. Hakadirii kwa macho.

Kisha kuna kivuli, na hapa ndipo ufundi hasa unapoonekana. Seli zimeungwa kwa mfululizo, kwa hiyo chache zikifunikwa na kivuli cha tangi la maji au tawi la mwembe, zinaweza kushusha umeme wa paneli nzima. Fundi mzuri hulikagua paa asubuhi, mchana na alasiri. Tena hasemi jua liko kileleni saa sita kamili: saa ya Tanzania hufuata longitudo 45 mashariki, ambayo iko nje ya nchi, baharini. Kwa hiyo Dar es Salaam kilele huja saa sita na dakika ishirini na kitu hivi, na Kigoma karibu saa saba.

Anayekuja kupima Julai aulizwe swali moja: tangi lile lililo kusini mwa paneli, Desemba kivuli chake kitaangukia wapi? Julai adhuhuri kivuli huenda kusini, paneli zikabaki wazi. Desemba hugeuka kaskazini, na asubuhi na jioni hurefuka. Anayelijua jua ataomba tangi lihamishwe kabla ya kutoboa bati.