Ramani Iliyowapa Madiwani Meno

Diwani wa London akiletewa ombi la leseni ya duka la kubeti, hawezi kulikataa kwa hoja kwamba mtaa tayari una maduka matano ya aina hiyo. Zamani hoja hiyo ilikuwa na nguvu: vibali vilitolewa na mahakimu, na ombi liliweza kukwama iwapo maduka yaliyopo yaliwatosha wateja. Sheria ya Kamari ya mwaka 2005, iliyoanza kufanya kazi kikamilifu Septemba 2007, iliifuta na kuzikabidhi halmashauri kazi ya kutoa leseni. Kifungu cha 153 kinaitaka halmashauri ilenge kuruhusu, na kinaikataza kupima mahitaji ya soko.

Halmashauri imebaki na malengo matatu ya sheria, yaani kuzuia uhalifu, kuhakikisha mchezo unachezwa kwa haki, na kuwalinda watoto na watu walio rahisi kudhurika. Imebaki pia na waraka wa sera, ambao huandikwa upya angalau kila baada ya miaka mitatu. Kabla ya baraza zima la madiwani kuupitisha, ni lazima polisi, wafanyabiashara wa kamari na wawakilishi wa watakaoguswa washirikishwe.

Waraka unaorudia tu maneno ya sheria haumsaidii mtu mbele ya hakimu. Mwaka 2013 halmashauri ya Newham, mashariki mwa London, iliinyima leseni kampuni ya Paddy Power ikihofia uhalifu na kudai kuwa duka lile lingeendeshwa zaidi na mashine kuliko kubeti kwenyewe. Hofu hiyo haikutoka hewani: kila duka liliruhusiwa mashine nne, na kwenye mashine hizo mteja aliweza kuweka hadi pauni 100 kwa mzunguko mmoja, kiwango kilichoshushwa hadi pauni 2 Aprili 2019. Hata hivyo kampuni ilikata rufaa ikashinda.

Westminster na Manchester zilipita njia nyingine, na kwangu hiyo ndiyo kazi bora kabisa iliyofanywa na halmashauri katika uwanja huu. Ziliwaagiza watafiti, Heather Wardle akiwa miongoni mwao, wachambue ni makundi gani hudhurika zaidi na kamari, kisha wayaweke kwenye ramani. Ustadi ulikuwa katika kutotosheka na takwimu za mahali watu wanapolala. Asiye na makazi au anayepambana na uraibu hutumia mchana wake mbali na anwani yoyote. Kwa hiyo ramani iliyotolewa mwaka 2016 ilichanganya takwimu za wakazi, kama vile ukosefu wa ajira, na maeneo ambako watu walio rahisi kudhurika huenda: shule na vyuo, hosteli za wasio na makazi, vituo vya tiba ya uraibu, vituo vya kugawa chakula cha msaada, maduka ya mikopo ya haraka. Mambo hayo yaliporundikana, rangi ilikolea.

Aprili mwaka huohuo kanuni ya Tume ya Kamari ilianza kumlazimu kila mwenye duka kutathmini hatari za eneo lake, akizingatia sera ya halmashauri. Hapo mzigo ulihama. Mwombaji anayetaka kufungua kando ya hosteli sasa anaulizwa atakuwa na wafanyakazi wangapi usiku, na kama mashine zitaonekana kutoka kaunta. Majibu yakiwa mepesi, halmashauri ina msingi wa kuweka masharti au kukataa.

Ramani ina mipaka. Inaonyesha hatari ilipo, haihesabu waliokwisha kuumia, na wakili wa kampuni atalikumbusha hilo mapema. Tena haifuti kifungu cha 153. Aprili 2023 serikali iliahidi kuziruhusu halmashauri za Uingereza zipime athari za maduka yanayorundikana mahali pamoja. Ahadi hiyo ilistahili kuja miaka kumi kabla, wakati Newham ilipokuwa mahakamani.