Amana ya Wanazuoni: Namna Hifadhi za Vyuo Vikuu Zilivyoundwa

Mwezi wa Novemba mwaka 2002 maktaba za chuo cha MIT huko Marekani, zikishirikiana na maabara za kampuni ya Hewlett-Packard, zilitoa programu iitwayo DSpace, na kwa kuwa ziliitoa bila ya malipo pamoja na msimbo wake wote, ili kila mwenye haja nayo aitumie na kuirekebisha apendavyo, haikukawia kuenea katika vyuo vya ulimwengu, hata ikafika Afrika ya Mashariki, ambako leo tasnifu za Chuo Kikuu cha Nairobi na za Makerere zimo ndani yake. Muradi wa makala haya ni kubainisha jinsi kazi hiyo inavyokwenda, kwani wengi hudhani kuwa kuhifadhi ilimu ni kuzipiga picha kurasa na kuzitia katika kompyuta, ilhali hiyo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Lililo zito ni kuhakikisha kwamba kilichowekwa leo kitatambulikana, kitafikiwa na kuaminiwa na msomaji ambaye bado hajazaliwa.

Sharti la kwanza ni maelezo. Mwaka 1995 wataalamu walikutana katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, wakaanza kutunga orodha fupi ya habari zinazopasa kuandikwa juu ya kila kazi, orodha iliyokuja kutulia kwenye vipengele 15, miongoni mwavyo jina la kazi, mwandishi, mada, muhtasari, tarehe, lugha na haki. Orodha hiyo, iitwayo Dublin Core, ndiyo msingi wa fomu anayoijaza mwenye kuweka tasnifu katika DSpace, na faida yake kubwa ni ule ufupi wake, maana mtumishi wa maktaba ndogo aweza kuijaza sawasawa bila ya kusomea ukutubi kwa miaka mingi. Fomu ikisha kujazwa si lazima ipokelewe papo hapo. Chuo chaweza kuamuru ipitie mikononi mwa wakaguzi, wairudishe au waisahihishe kabla ya kuikubali.

Sharti la pili ni anwani isiyobadilika. Kazi inapokubaliwa hupewa namba ya kudumu katika utaratibu uitwao Handle, yenye sehemu mbili: ya kwanza ni ya chuo, kama 1721.1 kwa MIT na 11295 kwa Nairobi, na ya pili ni ya kazi yenyewe. Mtu ahamapo mtaa jina lake halihami, na hali kadhalika chuo kinapobadili mitambo au anwani yake ya intaneti, namba hubaki ile ile, ikasahihishwa tu daftari inayoonyesha mahali ilipo kazi, hata yule aliyeitaja namba hiyo katika kitabu chake miaka kumi nyuma asiwapoteze wasomaji wake.

La tatu ni ithibati. Hati inapoingia, programu huipigia hesabu yote nzima, kwa kanuni iitwayo MD5, ikapata alama moja ndefu na kuiandika kando. Hesabu hiyo yaweza kurudiwa kila baada ya muda, na alama ikitofautiana na ile ya awali, basi ni dhahiri kuwa hati imeharibika. Lakini hesabu hubaini ugonjwa wala haiutibu, na dawa ni nakala nyingine iliyowekwa mahali pengine. Aprili 18, 2021, moto ulioanza mlimani uliingia Chuo Kikuu cha Cape Town ukateketeza chumba cha kusomea cha Jagger pamoja na maelfu ya vitabu vya taaluma za Afrika, na moto wa namna hiyo hauchagui baina ya rafu za karatasi na kompyuta iliyo peke yake katika jengo hilo hilo.

La nne ni kuonekana. Oktoba 1999 palifanyika mkutano katika mji wa Santa Fe, nao ukazaa kanuni iitwayo OAI-PMH, ambayo kwayo hifadhi yoyote huweza kuulizwa maswali sita tu, ikajibu ni nani, ina mikusanyo gani, na maelezo ya kila kazi ni yapi. Kwa njia hiyo mashine za mbali huvuna maelezo hayo na kuyakusanya katika fahirisi moja, na tasnifu iliyokuwa ikikaa rafuni ikingoja msomaji mmoja kwa mwaka ikapatikana Muscat na Hamburg kwa saa ile ile.

Hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili tulipo na dai letu. Orodha ya lugha iliyokuja na fomu ya DSpace kwa miaka mingi inataja Kiingereza, Kihispania, Kijerumani, Kifaransa, Kiitalia, Kijapani, Kichina, Kireno na Kituruki. Kiswahili hakimo, na aliyeandika tasnifu yake kwa Kiswahili hujikuta akichagua neno la “nyingine”, au, lililo baya zaidi, Kiingereza. Maadamu mashine huvuna kile kilichoandikwa wala si kile kilichokusudiwa, kazi hiyo haitatokea kwa mtu atafutaye maandishi ya Kiswahili. Na tiba yake ni nyepesi mno: msimamizi wa programu huongeza Kiswahili kwa alama ya sw katika faili la fomu, kisha maktaba ikasahihisha maelezo ya kazi zilizotangulia.

Kwa hivyo wakuu wa vyuo vyetu na wafanye mambo matatu: waajiri mkutubi ambaye kazi yake ni hifadhi hiyo peke yake, waweke nakala kamili katika mji mwingine, na waamuru Kiswahili kiingizwe katika orodha ya lugha. Programu tumepewa bure. Utunzaji ni juu yetu wenyewe.