Mbwa alikosea, mkufunzi akamlipa

Mliokuwepo kwenye onyesho la mbwa wa kuwinda ndege la Mtoni mnajua pa kuanzia. Kifurushi cha mazoezi chenye manyoya ya kanga kilikuwa bado hewani, mbwa akachomoka, na mkufunzi, badala ya kumzuia, akapaza sauti "Leta!" ili ionekane amemtuma. Kazi yote iliharibikia hapo. Kuleta mbwa yule anakujua. Alichojifunza ni kwamba kifurushi kikirushwa anaamua mwenyewe, kwa sababu malipo ya mbwa wa kuwinda ndege ni ile ruhusa ya kukimbilia windo, naye alishajilipa kabla ya amri. Kisha akapapaswa kichwa, watu wakapiga makofi. Makofi hayo yameharibu mbwa wengi mjini hapa, na sitachoka kulisema. Mdomo wake laini na jinsi alivyokabidhi mkononi, sina neno.

Watetezi wanasema mbwa bado mchanga, ukimnyima windo utaua hamu yake. Ingekuwa hoja kwa mbwa anayesitasita. Huyu mapaja yalikuwa yanamtetemeka tangu mkono wa mtupaji ulipoinuka. Hamu anayo ya kumwaga. Na kumnyima hakutaki kofi wala kelele: kamba ndefu ikanyagwe, mkufunzi aende mwenyewe kuokota kifurushi, arudi, kitupwe tena, na kwa wiki kadhaa aokote yeye mara nyingi kuliko mbwa. Wala kungoja hakumzuii mbwa kuwa bingwa: King Buck, Labrado mweusi aliyetwaa ubingwa wa taifa wa Marekani 1952 na 1953 mikononi mwa mkufunzi Cotton Pershall, alishindana mahali ambapo kuchomoka kabla ya amri ni kutolewa. Tusiende mbali: Morogoro, panya buku wa shirika la APOPO wanaonusa makohozi ya kifua kikuu hushikilia pua juu ya tundu la sampuli kama sekunde tatu ndipo wasikie mlio na kupata chakula. Panya akiondoa pua mapema, hapati kitu. Ndiko alikofunzwa panya Magawa, mnusaji wa mabomu ya ardhini huko Kambodia aliyepewa medali ya dhahabu ya PDSA 2020, na hakuna aliyelalamika kwamba kunyimwa kulimvunja moyo.

Kuna wanaosema lile lilikuwa onyesho tu. Mbwa hajui onyesho. Porini, anayechomoka namna ile huwatimua kanga waliobaki majanini kabla bunduki haijajazwa tena, au hujikuta mbele ya mtutu kundi la pili linaporuka chini chini.