"Mwacha Mila ni Mtumwa": Methali Yapimwa kwa Majina ya Mavazi na Nywele

Methali isemayo "Mwacha mila ni mtumwa" imetumiwa mara nyingi kama hukumu. Msichana aliyevaa sketi fupi na kijana aliyevaa suruali ya kubana wote hukatiwa shauri kwa maneno hayo manne, kana kwamba mila ni kitu kimoja kisichobadilika tangu kale. Yafaa hukumu hiyo ipimwe kwa majina ya mavazi yenyewe, maana majina hutunza kumbukumbu ambazo wavaaji wamekwisha kuzisahau.

Unguja yatoa ushahidi wa kwanza. Kabla ya amri ya mwaka 1897, iliyoondoa hali ya utumwa katika sheria, mtumwa alijulikana kwa nguo yake: merikani isiyotiwa rangi au kaniki ya nili, iliyofungwa chini ya makwapa, na kichwa kikawa wazi. Waliotoka utumwani walizitupa nguo hizo. Wanawake walishika kanga za rangi, na mapema katika karne ya 20 wakajifunika buibui, vazi lililoenea kwa wanawake wa kila daraja hata likahesabiwa kuwa la asili. Hapa methali yageuka juu chini: watu hao waliacha mila ya mavazi ili wasiwe watumwa tena.

Asili ya maneno nayo haiisaidii hoja ya mila. Merikani yabeba jina la nchi iliyoileta. Leso ni neno la Kireno. Suruali na kofia yalifika kwa njia ya Kiarabu, na gauni na shati kwa njia ya Kiingereza. Kanga na buibui, kwa upande mwingine, yana majina ya ndani: moja ni la ndege, jingine la mdudu. Lakini kanga zenyewe zilipigwa chapa Ulaya, India na Japani kwa miaka mingi, ingawa maneno yaliyoandikwa juu yake yalikuwa ya Kiswahili. Basi kilichoifanya kanga kuwa ya watu wa pwani si kiwanda ilikotoka, bali kauli ya mwanamke aliyeichagua, aliyeivaa na aliyetaka isomwe.

Katika nywele shauri ni gumu zaidi. Kiswahili kina nywele za singa, zilizonyooka, na nywele za kipilipili, zilizojikunja. Maneno haya hayaelezi umbo tu: la kwanza limekuwa sifa, na la pili mara nyingi ni dhihaka. Mwenye kuishutumu wigi kuwa ni kujidharau ana haki kiasi fulani, kwani wigi huahidi singa. Lakini maneno hayo mawili ni ya zamani kuliko wigi madukani. Dharau aliyodhani imeletwa na ugeni ilikuwamo nyumbani, katika lugha aliyoitumia kushutumu.

Udhaifu wa hoja ulidhihirika mwaka 1968. Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo ilipiga vita sketi fupi, wigi, suruali za kubana na dawa za kuchubua ngozi, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Katika mwezi wa Oktoba 1968, pale Kariakoo, Dar es Salaam, wanawake walishambuliwa kwa sababu ya nguo zao. Suti ya mzungu haikutiwa katika orodha. Na katika miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa ikiwahimiza Wamasai waache rubega na udongo mwekundu, wavae suruali. Msichana wa mjini alilaumiwa kwa kuacha mila. Mmasai alilaumiwa kwa kuishika. Neno moja haliwezi kuwa kipimo cha hukumu mbili zinazopingana, isipokuwa kipimo hasa ni matakwa ya mwenye kuhukumu.

Haifuati kwamba methali ni ya uongo. Ikieleweka vema, yaonya juu ya mtu asiye na kauli, afuataye amri ya mwingine katika kila jambo. Kosa ni la wale wanaoichukua mila kuwa orodha ya vitu, kisha wakajipa madaraka ya kuiandika. Mwanamke wa Unguja aliyeacha kaniki alichagua mwenyewe. Mwanamke wa Kariakoo aliyevuliwa heshima yake njiani hakuachiwa hata neno. Kwa maana ya methali yenyewe, aliyetendewa kama mtumwa ni huyu wa pili, na waliomtenda hivyo walidai kuwa wanalinda mila.