Mchoro Usiobebwa na Filamu

Wengi wanaokwenda kutazama michoro ya mwongozaji wa filamu huingia ukumbini wakiwa wameshampenda. Wanakutana na sura waliyoiona sinema, wanapiga picha, wanatoka. Filamu wameikumbuka, mchoro hawajautazama. Mwongozaji Tim Burton anatufaa kwa zoezi la kuutazama mchoro bila filamu. Maonyesho yake kwenye jumba la makumbusho la MoMA, New York, kuanzia Novemba 2009 hadi Aprili 2010, yalikuwa na vitu zaidi ya 700 na yalivuta watu zaidi ya 800,000. Oktoba 2024 yakafunguliwa mengine Design Museum, London. Umati huo wote hauthibitishi ubora wa mstari hata mmoja.

Anza na kazi za kabla ya umaarufu: za Burbank, California, alikokulia, na za miaka aliyochora katuni kwa mshahara wa Disney. Hapo hakuna filamu ya kumbeba. Fuata mstari wa wino. Unatetemeka, lakini hausiti. Mchoraji dhaifu hupitisha kalamu mara tatu, nne mahali pamoja akilitafuta umbo. Burton hupita mara moja, na miguu myembamba kama njiti ikaubeba mwili mzito bila kuyumba. Kisha inama uangalie rangi ya maji. Pale ilipovuka mstari, imezaa kivuli au imechafua karatasi tu? Usiwe na haraka hapa, maana utamu wa maonyesho yote upo kwenye vikaratasi hivi. Hata Edward, kijana mwenye mikono ya makasi katika filamu ya Edward Scissorhands (1990), alianzia kwenye mchoro wa ujanani, miaka mingi kabla mwigizaji Johnny Depp hajavaa yale makasi.

Ukifika kwenye mavazi na wanasesere, soma kibandiko kabla ya kusifu. Vazi la Edward ni ubunifu wa Colleen Atwood. Filamu ya wanasesere The Nightmare Before Christmas (1993) ilitokana na wazo na michoro ya Burton, ila aliyeiongoza ni Henry Selick. Wanasesere wa Corpse Bride (2005) walitengenezwa Uingereza na Mackinnon & Saunders: ndani ya vichwa vyao mna gia ndogo mno, na fundi alizizungusha kwa ufunguo ili uso ubadilike kidogo kidogo, tabasamu lije au liondoke. Mwanasesere mzuri huonekana ana jambo moyoni hata akiwa amesimama kabatini, taa zimemmulika, hakuna anayemgusa. Sifa hiyo mpe fundi.

Michoro ya kupangia matukio ina sheria zake. Mwongozaji Akira Kurosawa, alipokwama kupata fedha za Kagemusha (1980), aliichora filamu yake kwa rangi kabla ya kuipiga. Mchoro wa namna hiyo uulize kama mpiga picha angejua asimame wapi na mwanga utoke upande gani. Ukichafuka pembeni si kosa.

Mtihani mgumu ni turubai. David Lynch alisomea uchoraji Philadelphia kabla hajawa mtu wa filamu, na mwaka 2014 chuo alichosomea kilimfanyia maonyesho yaliyoitwa The Unified Field. Rangi yake ni nzito, imelundikwa na kukwaruzwa, na nakala iliyochapishwa haiwezi kuibeba. Turubai za Burton, kwa jicho langu, ni michoro ya wino iliyokuzwa. Kipimo changu ni duka la pale mlangoni: picha ambayo haipotezi kitu ikihamia kwenye fulana haikuhitaji turubai.

Kwa hiyo kwenye turubai Lynch anamwacha Burton mbali, na kwenye karatasi ndogo Burton ni bingwa. Kama una saa moja tu, vipite vyumba vya mavazi, uitumie yote kwenye daftari zake na zile leso za karatasi za mikahawani alizozichorea.