Watu Wasio na Usemi: Juu ya Mwisho wa Battlestar Galactica

Miongoni mwa hadithi za kubuni za kisayansi zilizopata kuonyeshwa katika televisheni, ni chache zilizopendwa na kulaumiwa kwa pamoja kama Battlestar Galactica. Sehemu kubwa ya lawama imeiangukia sehemu yake ya mwisho, iitwayo Daybreak, yaani Mapambazuko, ambayo nusu yake ya pili ilionyeshwa Marekani tarehe 20 Machi, 2009. Mimi ni mmoja wa wapenzi wa hadithi hiyo, na si mpenzi wa juujuu. Nimeitazama yote zaidi ya mara moja. Nami ninayo lawama, ila si ile ya wengi. Nadhani yafaa itolewe kwa Kiswahili, kwa kuwa nchi ambamo hadithi inakomea ni Tanzania, na jambo inalolikosea ni lugha.

Kwa faida ya msomaji asiyepata kuitazama, kisa chenyewe ni hiki. Wanadamu wakaao katika sayari kumi na mbili walijiundia mitambo, iitwayo Cylon, iwe watumwa wao. Mitambo ikaasi, vita vikapigwa, sulhu ikafanywa, na kwa miaka arobaini hakuonekana Cylon hata mmoja. Kisha wakarudi, wengine wakiwa na nyama na damu na nyuso zisizotofautika na zetu, wakaziangamiza sayari zote kwa mpigo mmoja. Walionusurika ni watu wapatao 50,000 ndani ya merikebu za angani, wakilindwa na manowari moja kuukuu iliyokuwa karibu kufanywa jumba la makumbusho. Jemadari wao ni William Adama, aliyeigizwa na Edward James Olmos. Rais wao ni Laura Roslin, aliyeigizwa na Mary McDonnell. Huyu alikuwa waziri wa elimu, akairithi serikali kwa vifo vya wakubwa zake wote, akiwa ametoka tu kuambiwa na tabibu kwamba ana saratani. Watu hawa wanaitafuta sayari iliyotajwa katika vitabu vyao vitakatifu, na jina lake ni Dunia. Asili ya kisa ni mfululizo wa Glen A. Larson wa mwaka 1978, Ronald D. Moore aliufinyanga upya kuanzia Desemba 2003, na kazi yake ndiyo ninayoizungumzia.

Uzuri wa kazi hiyo hauko katika merikebu wala mizinga. Uko katika swali moja ambalo haikuchoka kuliuliza: ni nani astahiliye kuitwa mtu? Wanadamu wa hadithi humtukana Cylon kwa kumwita jina la chombo cha jikoni cha kubanikia mkate, na mtazamaji, aliyeona sayari kumi na mbili zikiungua, hulipokea tusi hilo kwa radhi. Kisha, sehemu baada ya sehemu, hadithi humfanya alionee haya. Katika mwaka wa kwanza yupo mateka mmoja, jina lake Leoben, ambaye rubani Kara Thrace anamhoji na kumtesa kwa kumzamisha kichwa majini. Mateka anazungumza. Anazungumza juu ya Mungu, juu ya roho yake, na juu ya mambo ya siri ya huyo anayemtesa. Anapotupwa nje ya merikebu katika anga tupu kwa amri ya Rais, rubani yule yule anamwombea dua. Mashine imesema, na kwa kusema imekuwa mtu. Sikumbuki kuona katika televisheni hoja iliyojengwa kwa uadilifu zaidi kuliko hiyo, wala iliyomgharimu mtazamaji zaidi.

Sasa nije kwenye sehemu ya mwisho, nami nianze na yale yaliyo mema, kwa kuwa ni mengi.

La kwanza ni jinsi amani inavyovunjika. Adama ameiingiza manowari yake katika ngome ya adui ili kumwokoa mtoto Hera, binti wa mama Cylon na baba mwanadamu. Mapigano yanafikia mahali ambapo pande zote mbili zinapatana: mtoto aachwe, na Cylon wapewe tena siri ya kuufufua mwili, waliyokuwa wameipoteza. Ili siri hiyo itolewe, Cylon watano wanaoishi pamoja na wanadamu hawana budi kuunganisha fahamu zao, na kwa muda huo kila mmoja ataona yaliyomo moyoni mwa wenzake. Hapo ndipo fundi Tyrol anapoona kwamba Tory, aliyesimama kando yake, ndiye aliyemwua mkewe. Anamnyonga pale pale. Siri inakatika, risasi zinaanza upya, na sulhu inakufa. Watungaji wengine wangeileta hiana kutoka nje. Huyu ameifanya amani ife kwa sababu ya ukweli uliojulikana wakati usiofaa. Ni ufundi mkubwa, na hakuna anayeutangaza.

La pili ni kifo cha Roslin. Mwanamke huyu aliwaahidi watu wake nchi, na amefika. Adama anamchukua katika chombo kidogo cha anga ili awaone wanyama wa nyika kutoka juu. Anafariki akitazama, bila hotuba, na Adama, ambaye bado anaendesha, anapogundua anaivua pete yake na kumvika. Baadaye twamwona ameketi kilimani kando ya kaburi la mawe, akimsimulia marehemu juu ya nyumba atakayoijenga. Adama wa miaka yote ni mtu wa amri fupi. Hapa anaongea kama mume anayesubiri chai. Nimeona wengi wakiicheka sehemu nyingine za mwisho huo. Hii sijaona aliyeicheka.

Wapo waliokasirika kwamba mambo mengi yanafumbuliwa kwa mkono wa Mungu: Kara Thrace anatoweka ghafla uwandani kama mtu asiyekuwapo, na vivuli viwili vilivyowasumbua Baltar na Caprica tangu mwanzo vinadhihirika kuwa malaika. Hasira hiyo siielewi. Hadithi ilisali tangu siku yake ya kwanza, na anayeshtuka kumkuta Mungu mlangoni hakuwa akisikiliza alipokuwa akiitwa. Wengine husema haiaminiki kwamba watu wapatao 38,000 wakubali kuzitupa merikebu zao zote juani, pamoja na dawa na zana zote, ili waanze upya na nguo za mwilini. Hao wana haki kiasi. Mtungaji mwenyewe aliliona, maana amemtia wakili Romo Lampkin astaajabu mbele yetu kwamba hakuna aliyepinga. Kustaajabu kwake hakutoshi kuwa jibu, lakini nilipite jambo hilo.

Jambo nisiloweza kulipita ni lile la kwenye majani. Wasafiri wameshuka katika nchi ya nyika miaka 150,000 kabla ya wakati wetu. Adama na wenzake wamelala kifudifudi juu ya mwinuko, wanatazama kwa darubini. Ng'ambo ya majani wanapita watu wachache wenye mikuki. Daktari anatoa habari kwamba damu yao yapatana na yetu, maana yake twaweza kuzaa nao. Yaelezwa pia kwamba hawana lugha bado. Lee, mwana wa Adama, anasema basi hilo twaweza kuwapa, pamoja na lililo bora katika sisi. Merikebu na silaha zibaki nyuma. Kisha darubini inashushwa, na hadithi inaendelea na mambo ya wageni. Wenyeji hawapewi jina, hawapewi neno, wala hakuna anayetembea kwenda kwao.

Fikiri, msomaji, uzito wa jambo hilo katika hadithi hii hasa. Kwa miaka minne tumefundishwa kwamba asemaye ni mtu, hata kama alitoka kiwandani. Sasa tumewafikia wanadamu waliozaliwa na mama zao, katika nchi yao wenyewe, na mtungaji amewanyima kitu kimoja tu, nacho ndicho kile alichokifanya kipimo cha utu. Lau wangalisema, ingalibidi kuwauliza. Ingalibidi kuwe na mazungumzo, pengine kukataliwa, na wale watu wa merikebu wangalikuwa wakimbizi wanaobisha hodi, jambo ambalo lingalikuwa la kweli na lenye kugusa zaidi. Ububu wa wenyeji umewaondolea wageni haja ya kupiga hodi. Sisemi kwamba Moore alikusudia hivyo. Nasema hadithi imefanya hivyo, na imefanya kwa wepesi ambao haikupata kujiruhusu popote pengine.

Wala elimu haikumlazimisha. Mwezi Juni 2003, miezi sita kabla ya hadithi kuanza, wataalamu walitangaza mafuvu ya Herto, Ethiopia, ya watu wa jinsi yetu walioishi miaka ipatayo 160,000 iliyopita. Mafuvu hayo yana alama za kukatwa kwa zana za mawe, na moja, la mtoto, limelainishwa kana kwamba lilishikwashikwa na kuhifadhiwa baada ya kifo. Sauti haiachi mfupa, na hakuna awezaye kuapa walisema nini. Lakini watu wanaohifadhi fuvu la mtoto si watu ambao mgeni mwangalifu angewaandika kuwa mabubu kwa kuwatazama mara moja kwa darubini.

Yapo pia mambo ya jina. Adama anaitazama nchi na kuiita Dunia, kwa sababu ndiyo ndoto waliyoifukuza. Ile Dunia ya vitabu vyao walikwisha kuipata, ikiwa majivu. Katika kinywa chake neno hilo linachoma, nakiri. Lakini anayesoma hapa pwani atakumbuka kwamba John Hanning Speke naye, mwaka 1858, alisimama karibu na Mwanza, akalitazama ziwa ambalo watu wa kando yake walikuwa wakiliita Nyanza, akalipa jina la malkia wake.

Nia ya watungaji ilikuwa njema. Siku tatu kabla ya mwisho kuonyeshwa, tarehe 17 Machi, waigizaji na watungaji walialikwa katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa, na hapo Olmos alisimama akapinga kwa ukali desturi ya kuwagawa wanadamu kwa rangi, akishikilia kwamba wanadamu ni jamii moja. Kumfanya Hera, mtoto wa maadui wawili, kuwa mama wa wote ni kuisema fikra hiyo hiyo kwa njia ya kisa. Walimwazima kutoka katika utafiti wa Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson, uliochapishwa mwaka 1987, uliofuata urithi upitao kwa akina mama peke yao hadi kwa mwanamke mmoja wa Afrika wa miaka ipatayo 200,000 iliyopita. Mwanamke huyo hakuwa wa kwanza wala peke yake. Wengine waliishi pamoja naye, na damu yao imetufikia kupitia kwa wana wao wa kiume. Wala hakuna mfupa uwezao kutambuliwa kuwa wake. Hadithi inauonyesha mfupa umepatikana, na mama yetu sote ni binti wa wageni. Wanawake wale waliopita katika majani, basi, hakuna hata mmoja ambaye mlolongo wa mabinti zake umefika kwetu. Sidhani kwamba watungaji walikaa kulihesabu hilo.

Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya kaburi lililofukuliwa katika pango la Panga ya Saidi, pwani ya Kenya: mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, aliyezikwa miaka ipatayo 78,000 iliyopita, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa, na kichwa yaelekea kiliwekewa kitu mfano wa mto. Wachimbaji wamemwita Mtoto, kwa Kiswahili. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka Hera, ambaye ni wa umri wa karibu na huo anapotembea peke yake katika majani yale, mzazi wake akiwa hatua chache nyuma.

Picha za mwisho kabisa ni za New York ya siku hizi. Mtu mmoja amesimama njiani akisoma National Geographic, na malaika wawili wanachungulia begani mwake, wanasoma habari za mifupa ya mwanamke kijana aliyeishi katika nchi iitwayo sasa Tanzania. Msomaji huyo wa gazeti ni Ronald D. Moore mwenyewe. Malaika wanaongeza lile ambalo gazeti halikuandika, kwamba aliishi na mama yake Cylon na baba yake mwanadamu. Juu ya wale wengine waliokuwapo, wenye mikuki, hata malaika hawana la kusema.