Uhakiki wa Mguu wa Nne

Kazi ninayoihakiki leo haina jalada wala mchapishaji. Imejengwa kwa manila tatu nilizonunua Bunda mjini, wembe, bikari na uji wa unga wa ngano, na mjenzi wake ni mimi mwenyewe. Najua wapo watakaosema fundi hajihakiki. Sawa, lakini hapa Nyamuswa hakuna mwingine aliyejitolea. Waliopita sebuleni walisema "safi sana" wakasubiri chai.

Ni modeli ya DC-X, chombo cha majaribio kilichoundwa na kampuni ya McDonnell Douglas ya Marekani. Kiliruka mara ya kwanza tarehe 18 Agosti 1993 huko White Sands, jangwani New Mexico. Kilipanda mita 46 hivi, kikasimama hewani, kikasogea pembeni, kisha kikashuka kwa moto wa injini zake na kutua kwa miguu minne. Sekunde 59, basi, mchezo umekwisha.

Mita 46 ndiyo nini? Ndugu msomaji, pwani yetu imewahi kuona roketi. Kati ya 1967 na 1988 Waitalia walirusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Mojawapo, iliyorushwa 12 Desemba 1970, iliitwa Uhuru. Setilaiti zilibaki juu, lakini roketi zilizozipeleka hazikutumika tena. Ni sawa na kuchoma basi kila likifika stendi ya Bunda na kununua jipya la kurudia Nyamuswa. Chombo hiki kilitaka kuuvunja mtindo huo: kipande, kirudi palepale kwa miguu yake, kijazwe mafuta, kipande tena. Tarehe 8 Juni 1996, kikiwa kimeboreshwa na kuitwa DC-XA, kiliruka saa 26 tu baada ya safari iliyotangulia. New Shepard na Falcon 9 zilipotua wima mwaka 2015, dunia ilishangilia kitendo kilekile, safari hii kutoka juu zaidi.

Sasa turudi mezani. Chombo chenyewe kilikuwa na kimo cha mita 12 hivi na kitako cha upana wa mita 4.1. Nilichagua kipimo cha 1 kwa 50, kwa hiyo kimo ni sentimeta 24 na kitako ni sentimeta 8 na kidogo. Tabu haikuwa kimo. Tabu ni kwamba kitako ni mraba uliolainishwa pembe na kichwa ni duara, na manila haipendi kugeuzwa kutoka mraba kuwa duara; ukiilazimisha inakunjamana. Nilikata vipande vinne bapa vya pande na vinne vyembamba vya pembe. Hivi vya pembe nikavisugua kwenye ukingo wa meza mpaka vikajipinda vyenyewe, ndipo nikaviunga kwa vibanzi vya ndani ili mshono usionekane. Mara mbili mvua ilinyesha usiku na asubuhi nikakuta chombo kimevimba tumbo. (Waikizu wanamsimulia Nyakinywa, mwanamke mleta mvua. Sikuthubutu kulalamika kwa sauti.) Injini nne nilizisokota kwa karatasi ya fedha ya pakiti za sigara, nazo zinapendeza kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kutengeneza.

Lakini kuna jambo lililoninyima usingizi. DC-X yenyewe ilikuwa modeli! Ilijengwa kwa theluthi moja ya ukubwa wa chombo kilichokusudiwa, kile ambacho kingekwenda hadi kuizunguka dunia, na ambacho hakikujengwa kamwe. Maana yake kazi yangu ni mfano wa mfano, na asili haipo. Shuleni tulifundishwa kuuliza kazi ya sanaa inaakisi nini. Haya, hii inaakisi nini? Si umbo, bwana. Inaakisi jaribio, kile kitendo cha kwenda na kurudi. Kwa hiyo kuipima kwa rula tu ni kuipunja.

Kwa rula nimefaulu. Kwa lugha ya mitihani, nimefaulu kifani. Kuanguka kwangu kuligunduliwa na mtoto wa dada yangu, yuko darasa la nne, aliyeigeuza modeli chini juu akauliza: "Mjomba, miguu inaingia ndani?"

Haiingii. Nilikuwa nimeigandisha yote minne, njiti za kiberiti zilizovikwa karatasi, imara kama miguu ya kigoda.

Sasa sikia. Tarehe 27 Juni 1994 mlipuko ulikipasua chombo kile ubavuni kikiwa ndio kwanza kinaondoka, na bado kikatua salama. Tarehe 31 Julai 1996, katika safari yake ya 12, kilipanda vizuri na kushuka vizuri. Miguu mitatu ilifunguka. Wa nne haukufunguka, kwa sababu mrija mmoja mdogo wa mfumo wake haukuwa umeunganishwa kabla ya kuruka. Kikaegemea, kikaanguka ubavu, tangi la oksijeni likalipuka. Hawakujenga kingine.

Modeli yangu haiwezi kuanguka hivyo. Nikaona aibu, maana ndivyo ninavyoandika. Ninayo hadithi ya kurasa 14 kuhusu chombo kinachoondoka ufukweni Musoma kwenda mwezini. Injini zinanguruma kurasa mbili nzima. Nahodha ana kifua kipana. Nyota zinameremeta mara sita, nimezihesabu. Hakuna mtu hata mmoja mwenye spana! Na siko peke yangu. Katika miswada tunayobadilishana sisi chipukizi nakutana na daktari mwadilifu, msichana wa kijijini mwenye akili, mwandishi wa habari asiyenunulika, na wote wamegandishwa miguu tangu ukurasa wa kwanza. Tunajua watasimama, sasa tusome ya nini? Mimi ningemfuata mtu wa mrija: aliyekuwa na zamu mbili, au aliyedhani mwenzake ameshaufunga. Namtunga tu, lakini huyo angenikesha.

Rafiki mmoja, mwandishi mwenzangu, alinipinga vikali. Modeli ni ya kutazamwa, akasema. Mbona sanamu ya Askari pale Dar haipigi risasi? Namkubalia nusu. Askari yule anasimama kwa ajili ya watu waliokwisha kufa, na kutotikisika ni sehemu ya heshima yake. DC-X ilitengenezwa ili ijulikane kama itasimama au haitasimama. Ukiigandisha umejibu swali kabla halijaulizwa.

Nimeikata miguu kwa wembe na kujenga modeli ya pili. Bawaba ni vipande vya kitambaa, na uzi unapita katikati hadi kwenye kila mguu. Ukivuta, inafunguka, mara nyingi yote. Ni mbaya, tuseme ukweli. Kitako kimetobolewa, imeinama kidogo upande wa mashariki, na yule mtoto wa dada anasema ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Ile ya kwanza iko juu ya kabati, bila miguu, na injini zake za sigara bado zinang'aa. Anayetaka picha ya jalada na aje aichukue.